Vidole vya bibi vilivyokataa kusomeka

Nafanya uwakala wa fedha za simu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, mkoa wa Mtwara. Meza yangu iko chini ya mwembe karibu na ofisi ya kijiji, kwa hiyo siku za malipo ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaozipa kaya maskini ruzuku, namwona kila anayekuja na kila anayerudi. Ndivyo nilivyomwona bibi jirani yetu, mwaka 2022, akija mara tatu mfululizo na kurudi mikono mitupu.

Bibi huyo alikuwa kwenye orodha. Hilo ndilo lililoniuma. Jina lake lilipita mkutano wa hadhara, akahojiwa dodoso, akawa mlengwa halali wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, kipindi cha pili kilichozinduliwa Februari 2020. Analea wajukuu watatu. Wawili wanasoma shule ya msingi na hawakosi darasani, mdogo anapelekwa kliniki kila tarehe yake. Ruzuku ilikuwa inatoka kila baada ya miezi miwili, na yake ilikuwa inatoka kweli. Ila ilikuwa inaingia kwenye laini ya mjukuu wake mkubwa aliyeko Dar es Salaam.

Siku walipoandikisha namba za simu, bibi hakuwa na laini, akataja ya mjukuu. Mwanzo kijana alikuwa anatuma yote. Baadaye akatuma nusu, halafu kimya. Bibi hakutaka kumsema. "Mtoto naye ana shida zake, mwanangu," aliniambia. Nikamjibu kwamba shida za mjukuu nazijua, lakini walioandikwa kwenye kaya ni yeye na wale watatu waliokaa pale mlangoni.

Nisingekuwa mkali kiasi kile kama sikujua habari ya kangomba. Huku kwetu anayebanwa na njaa kabla ya msimu huuza korosho zikiwa bado mtini: anachukua hela kidogo mwezi wa tatu, na mwezi wa kumi mnunuzi anakuja na chombo chake kupima mzigo. Bibi ana mikorosho michache nyuma ya nyumba, na mwaka ule yote ilikuwa imeshakwenda kangomba. Ruzuku ingefika mkononi mwake, pengine mnadani angepeleka hata gunia moja kwa bei ya mnada. Hela ndogo ikichelewa kwa maskini, inakwenda na kubwa iliyo nyuma yake.

Mtendaji wa kijiji alitusikiliza vizuri. Akasema namba ya malipo hubadilishwa kwa barua yake, ikipelekwa kwa mratibu wa TASAF wilayani, na laini lazima iwe na jina la mlengwa mwenyewe. Nilidhani kazi imeisha. Laini ya simu bei yake ni ndogo sana.

Lakini laini husajiliwa kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na alama ya kidole. Namba tuliipata kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa pamoja na kadi za kliniki, tarakimu 20. Msajili akaiingiza, akamwambia bibi aweke dole gumba. Kifaa kikakataa. Cha shahada kikakataa. Tukamaliza vidole kumi, tukarudia, watu nyuma yetu wameanza kuguna. Nikamshika bibi mkono kuutazama. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi na laini kama kokoto ya mtoni, sehemu nyingine ngozi imebanduka. Miaka yote anabangua korosho za kuuza kwa vikombe, anazikaanga na kuzipasua kwa mkono, na mafuta ya ganda yanamla hata akijipaka majivu. Kazi inayomlisha ndiyo iliyomfutia alama.

Msajili, kijana mwenye heshima, akasema amewaona wengi wa namna hiyo. Akashauri bibi apumzishe mikono wiki tatu, apake mafuta ya nazi usiku, kisha turudi.

Wiki tatu bila kubangua ni wiki tatu bila chumvi na sabuni. Tulikaa na mkwe wake tukakubaliana: mkwe atabangua, bibi atachambua tu zilizokwisha kumenywa, na mimi nitamkopesha unga alipe akipata. Nakiri kuna siku nilimkuta ameshika gongo anapasua kwa siri. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba huku anaficha mikono ndani ya khanga.

Tuliporudi, gumba likakataa tena. Cha shahada, hapana. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikasoma. Msajili alipiga kofi.

Ikabaki namba ya siri, na kwangu hii ndiyo kazi hasa. Mzee asiyejua tarakimu humpa mtu mwingine namba yake, na hapo umemrudisha alikotoka. Mimi ni wakala, sitakiwi kuijua, na sitaki. Basi nikachukua ungo, nikapanga korosho tisa, tatu kwa tatu, na moja chini katikati, kama vitufe vya simu yake. Kila jioni tulikaa mkekani akigusa: ya juu kulia, ya katikati, ya chini kabisa. Hakujifunza kusoma namba, alijifunza mahali zilipo. Siku ya nne nikamwambia achague mwendo wake wa hatua nne, nikageuza mgongo kutazama mwembe mpaka aliposema tayari.

Ile namba ya NIDA ilitusaidia na jambo jingine. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na yake inaanza na 1951. Kumbe alikuwa na miaka 71 na ananunua dawa za maumivu dukani, wakati wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo walikuwa na msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali. Tukamwomba mtendaji barua ya kitambulisho cha mzee safari hiyo hiyo.

Tangu hapo naweka daftari mezani. Nimeshaandika kaya kumi na moja. Nyingi matatizo yao ni madogo mpaka yanatia hasira: Hadija kwenye rejista, Khadija NIDA, tukaenda kuapa kiapo mahakamani. Mtoto amehamia shule nyingine, mahudhurio hayapelekwi, mama anakatwa na hajui kwa nini, kumbe aliyetakiwa kuambiwa ni mwalimu wa shule mpya. Ninachosisitiza kwa wenzangu mawakala ni kwamba usimwelekeze mzee kwa mdomo. Nenda naye, na barua ishike wewe mpaka igongwe muhuri.

Malipo ya kwanza ya bibi yaliingia asubuhi, mvua ikinyesha. Alikuja na simu imefungwa kwenye pindo la khanga. Nikamwonyesha mahali pa kubonyeza, nikageuka. Nilisikia vitufe vinne, taratibu, kisha simu yangu ikalia. Nikamhesabia noti mbele yake, akazihesabu tena mwenyewe, akatoa hela ya unga wangu akaiweka mezani kabla sijasema neno. Halafu akauliza kama muuza madaftari ameshafungua.