Nimeshalipa kitanda, sasa nalipa usingizi

Karibu kila ushauri ninaousoma kuhusu deni la kadi ya mkopo unaanza kwa kumtaka mdaiwa abadili tabia. Apunguze nguo, aache kula nje, aandike matumizi yake. Mimi sikununua nguo. Nilimlipia mama yangu hospitali. Alikuja Dar kutoka Muheza akiumwa tumbo, akapimwa, daktari akasema anatakiwa kupasuliwa na si jambo la kusubiri wiki. Bima ya ofisini kwetu inanihusu mimi na mwanangu tu, mzazi hayumo. Ndugu walichanga walichokuwa nacho, na kilichopungua nikakilipa kwa kadi pale dirishani: shilingi 4,800,000. Mama alipona, akarudi kwake, na msimu huu amepanda mihogo. Ikitokea tena leo, nitatoa kadi ileile.

Kwa hiyo sikuwa na tabia ya kurekebisha. Nilichohitaji ni moyo wa kulipa mwezi hadi mwezi kitu ambacho kimeshapita. Aliyekopa pikipiki anaipanda huku anailipia. Aliyekopa kiwanja Jumapili anakwenda kukiangalia na kufyeka majani. Operesheni huwezi kwenda kuiangalia. Kinachobaki mkononi ni ujumbe wa benki kila mwezi wenye tarakimu, na tarakimu hizo mwanzoni zilikuwa hazisogei.

Niziweke wazi, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bila kujua sababu. Kadi yangu inatoza riba ya asilimia 3 kwa mwezi kwa deni lililobaki. Benki inanitaka nilipe angalau asilimia 5 ya deni hilo. Kwa milioni 4.8, kiwango hicho cha chini ni shilingi 240,000, na ndani yake 144,000 ni riba. Umetoa karibu robo milioni ya mshahara, deni limepungua 96,000. Mwezi unaofuata kiwango cha chini kinashuka kidogo, nawe ukikifuata kilivyo, miaka miwili baadaye bado unadaiwa karibu milioni tatu. Ukishikilia laki nne kila mwezi bila kuteremka, deni lilelile linakwisha kwa mwaka mmoja na robo hivi. Laki moja na elfu sitini za ziada ndizo zinazoleta tofauti yote hiyo, kwa sababu zenyewe haziguswi na riba, zinakwenda moja kwa moja kwenye deni.

Tuliosomeshwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu tunajua uchungu wa deni lisilosogea. Kwa miaka deni la Bodi lilikuwa likiongezwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Mtu anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, akiuliza salio anakuta limeshuka kiduchu, wengine wakikuta limepanda. Nawakumbuka wenzangu waliokuwa wameshaacha hata kuuliza. Tozo ile ilipofutwa mwaka 2021, watu walewale walianza kuonyeshana salio kwenye simu wakati wa chai. Mshahara wao haukuwa umeongezeka hata shilingi. Walichopata ni kuona wanacholipa kinapunguza kitu, na hilo likatosha kuwarudishia ari. Nilipobeba deni la kadi niliwakumbuka sana. Nikajua kwamba nisipotafuta njia ya kuliona deni likipungua, nitaishia kulipa kiwango cha chini na kugeuza uso.

Njia niliyoipata ilikuwa ndani ya bahasha ya hospitali. Nilikuwa natafuta karatasi ya tarehe ya kumrudisha Mama kliniki, nikaikuta ankara yenyewe, imeainishwa. Nikakaa nayo mezani na kaunta buku, nikaandika upya kile ambacho kadi ilikilipa. Vipimo vya damu na CT skani: 620,000. Dawa na vifaa: 780,000. Kitanda na uuguzi: 930,000. Usingizi, yaani nusukaputi ya upasuaji: 470,000. Chumba cha upasuaji na daktari: 2,000,000. Kila kimoja nikakipa ukurasa wake. Tangu siku hiyo silipi milioni nne na laki nane. Nalipa vipimo, vikiisha nalipa dawa.

Linaweza kuonekana jambo dogo. Kwangu liligeuza kila kitu, kwa sababu benki inaona deni moja na mimi naona vitu ninavyovifahamu. Ile CT skani nilisubiri nje ya mlango wake nimeshika viatu vya Mama. Kitanda chake kilikuwa dirishani, akawa ananisimulia magari yanayopita chini. Nikilipa laki mbili na nusu za kitanda, najua nimelipia nini. Mwezi ninaotamani kupunguza, nafungua ukurasa, na ukurasa unaniuliza kama kitanda kile hakikustahili.

Riba nayo ina mahali pake, kurasa za mwisho, kwa kalamu nyekundu. Sikutaka kuificha, kwa sababu kitabu kinachoficha riba kinakudanganya. Ila haikai pamoja na vitu vya Mama. Na imekuja kunitia moyo kwa namna ambayo sikuitarajia: mwezi wa kwanza iliandikwa 144,000, mwezi huu imeandikwa 71,100. Zile elfu sabini na kitu zilizokuwa zinaondoka bure sasa zinakwenda kwenye kurasa za mbele bila mimi kutafuta hela nyingine. Ningemshauri yeyote mwenye kadi aandike riba yake peke yake, mwezi juu ya mwezi. Salio la deni hushuka taratibu, lakini riba ikishafika nusu unaihisi hadi mfukoni.

Jambo la pili lilikuwa kumwambia Mama. Nilisita kwa muda mrefu, nikiogopa atajiona mzigo. Alinipigia mwenyewe siku moja kuniambia amenitumia ndizi na maharage kwa basi, nikachukue mzigo stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Nikamwambia, "Mama, usitume, unajichosha." Akasema, "Mwanangu, najua unadaiwa. Unadhani mimi mtoto?" Nikamweleza yote, mpaka kaunta buku. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kitanda nimekilalia mimi. Kwa nini nisijue kama kimelipwa?"

Sasa kila mshahara ukiingia, benki inakata laki nne yenyewe kabla sijagusa chochote, naandika, halafu nampigia. "Shikamoo Mama. Dawa zimeisha." Anamshukuru Mungu kwa sauti, ananiombea, kisha anauliza kinachofuata ni nini. Wapo wanaosema deni ni siri ya mtu na mto wake. Mimi naona siri ndiyo inayochosha. Mtu mmoja anayejua na kuuliza kila mwezi anafanya kazi ambayo nidhamu yangu peke yangu isingeiweza, hasa Januari, ada ya shule inapodaiwa, na ile miezi ambayo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kodi ile nimeigawa kwa sita, naiweka pembeni kila mwezi, ili isije kula laki nne ya kadi.

Njaa haijawahi kunivunja moyo. Kilichokaribia kunivunja ni michango. Anayeishi Dar anajua: grupu la harusi, grupu la kitchen party, grupu la send-off, grupu la msiba, na katika kila moja kuna orodha ya majina yenye ahadi mbele, waliotoa wamewekewa tiki. Unadaiwa mamilioni na jina lako linaning'inia pale bila tiki, watu wa ukoo wanaliona. Nina hakika madeni mengi ya mjini hapa yanaongezeka kwenye orodha hizo. Mtu anaahidi laki ili asionekane, kisha anaikopa.

Nilichofanya ni kuweka kiwango na kukisema mapema. Harusi ya ndugu wa karibu ni elfu thelathini, naituma siku ileile ninayoahidi, na namwandikia mweka hazina pembeni: "Kaka, ndicho nilichonacho, sitaongeza." Mmoja alinijibu, "Asante dada, kuna walioahidi laki mbili na simu hawapokei." Msibani nakwenda mwenyewe. Naosha masufuria, namenya vitunguu, nalala chini pamoja na wafiwa. Hakuna aliyewahi kunihesabia pungufu kwa hilo. Najua haiwezekani kwa kila mtu, kuna koo ambako mtoto wa mjini anapangiwa kiasi bila kuulizwa. Lakini wengi wetu tunajipangia wenyewe, kwa hofu.

Kuna njia moja ambayo siitaki hata kwa bahati mbaya, nayo ni kukopa ili kulipa. Mtaani kwetu kuna kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kunyonya, na siku ya marejesho utawajua wanaodaiwa kwa milango iliyofungwa saa nne asubuhi. Kwenye simu kuna programu zinazokupa hela ndani ya dakika, kisha zikianza kudai zinawatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yako, hata bosi wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, na watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana, wamewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukiambiwa asilimia 20 kwa wiki, usibaki kujadiliana. Deni la kadi lina riba kali, lakini lina mkataba, lina taarifa ya kila mwezi, na ukibanwa unaweza kwenda tawini ukakaa na mtu. Ukilihamishia kausha damu, umepoteza yote hayo.

Vikundi vyetu vya kawaida ndivyo vilivyonisaidia. Ofisini tuna mchezo wa kupeana hela kwa zamu, watu wanane, laki moja kila mmoja. Nilimwomba kijumbe, anayekusanya na kupanga, anibadilishie zamu, nikamweleza kwa nini, akaniweka mwezi uliofaa. Laki nane zile ziliingia kitandani, kitanda kikaisha kwa pigo moja. Kikoba cha mtaani sikutoka, ingawa wapo waliosema nijitoe hela zote ziende kwenye kadi. Nimepunguza hisa hadi kiwango cha chini na nimebaki, kwa sababu ya mfuko wa jamii. Mtoto akiugua usiku nina pa kugonga mlango pasipo riba ya kuninyonga. Mahesabu makavu yangeweza kusema vinginevyo. Mimi naamini mtu anayelipa deni huku hana pa kukimbilia atarudi kwenye deni siku ya dharura ya kwanza.

Na sijaacha kila raha. Mwisho wa mwezi, nikishalipa, natembea kutoka Posta hadi Feri, nanunua samaki. Changu akipatikana ni changu, asipopatikana ni vibua. Namkaanga, tunakula na mwanangu na ugali. Aliyenishauri niache hata hilo hajawahi kulipa deni refu.

Deni limebaki 2,370,000. Vipimo, dawa na kitanda vimefungwa, nimevipigia mstari. Kwenye ukurasa wa usingizi nimeshaingiza laki moja, zimebaki 370,000. Kikoba kinavunjwa Desemba, na gawio langu lote litakwenda huko. Baada ya hapo ni chumba cha upasuaji, milioni mbili, ukurasa mzito kuliko yote. Mama ameshauliza nitauanzaje. Nimemwambia nitaugawa vipande vinne vya laki tano tano, na yeye atavipa majina. Cha kwanza ameshakipa jina la daktari aliyempasua.