Siku moja maishani mwangu: saisi wa farasi, Ijumaa ya kombe la Aga Khan

Saa kumi na moja alfajiri niko bandani, RDS, viwanja vya maonyesho vya Ballsbridge, Dublin. Bosi bado amelala. Kutoa samadi, kulowesha nyasi kavu zisitimue vumbi, kumlisha farasi wetu Bibie, kumtembeza, kumsuka singa: saa nne yote yamekwisha na kiuno kimeshaanza kudai chake.

Leo ni siku yenyewe. Kombe hili la farasi kuruka viunzi alilitoa Aga Khan wa Tatu mwaka 1926, ukoo ule ule wa hospitali mnayoijua Nairobi na Dar. Kila nchi ina wapanda farasi wanne, raundi mbili, na kila raundi zinahesabiwa alama za watatu bora. Fito ya kiunzi ikidondoka, adhabu ni alama 4. Bosi atavaa jaketi la kijani la Ireland. Mimi nina gambuti.

Saa saba, mvua. Uwanja mkuu ni wa nyasi, kwa hiyo lazima nibadilishe vyuma vinavyofungwa kwenye viatu vya farasi asiteleze, mfano wa njumu za mpira. Vifupi vitoke, virefu viingie. Miguu mitatu imekubali. Wa nyuma kushoto, kokoto imejikita ndani ya tundu na hesi, mikunjo ya kufungia chuma, zimejaa tope. Nimeinama, kwato iko mapajani, nachokonoa kwa msumari, na Bibie kaamua mimi ni kiti: ananiegemea na uzito wake wote. Hapo ndipo anatokea bwana mmoja, kofia safi, glasi mkononi.

"Samahani, unaweza kusogea? Nataka picha ya farasi peke yake."

Nisogee na mguu nimeushika? Namwambia asubiri. Anasubiri dakika moja, anauliza tena. Mara ya tatu anataka kujua mwenye farasi yuko wapi, maana labda yeye atamwelewa. Kokoto inatoka, nachonga hesi upya taratibu, Bibie anavuta mguu, spana inazama kwenye matope. Huku kipaza sauti kinaita farasi wa kwanza. Bwana alipiga picha yake hatimaye. Mkono wangu umo, nina hakika.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Pale getini naona nusu ya uwanja, nusu nyingine nasikiliza. Raundi ya kwanza, hakuna kilichoanguka. Ya pili, watu elfu kadhaa wakaguna kwa pamoja: fito moja. Lakini kule konani, penye tope zaidi, Bibie alikata bila kuteleza hata kidogo. Kona hiyo hakuna aliyeishangilia. Mimi niliishangilia.

Bosi akaenda kuhojiwa. Mimi na Bibie tukaenda kwenye ukaguzi wa miguu, kisha barafu, kisha kutoa vyuma vyote na kuziba matundu kwa pamba. Saa nne usiku goti la mbele kulia lina joto kidogo. Nimefunga bandeji, nitalipapasa tena saa sita.