Nimelipia keki ya mama, nimeletewa kitu kingine kabisa

Naandika hii nikiwa bado na hasira na sitaki zipoe kwanza, manake zikipoa nitasema basi tu yameshapita, na huyu aliyetufanyia hivi ataendelea kuwafanyia wengine. Mama yangu ametimiza miaka 70. Sabini jamani! Mama ambaye ametulea sisi, akalea watoto wa ndugu zake, akalea na wa majirani, na maisha yake yote hajawahi kukata keki yenye jina lake. Keki zote alizowahi kushika kisu ilikuwa ni kumsaidia mjukuu asijikate.

Sasa safari hii tukakaa na wadogo zangu tukachanga, tukasema mama anakatiwa keki ya maana, ya kutengenezewa yeye, sio ile inayokaa kwenye friji la dukani halafu wanakuandikia jina juu kwa haraka ukiwa umesimama pale. Nikampata dada mmoja anaoka nyumbani kwake, ukurasa wake umejaa picha nzuri nzuri, watu wanamsifia chini. Nikamweleza kila kitu, kwa maandishi na kwa sauti, mapema kabisa. Ghorofa tatu. Zambarau iliyopauka, mpauko kabisa, isiwe ya kukolea. Maua meupe ya sukari yanashuka upande mmoja. Dhahabu kidogo kwenye kingo. Jina la mama na 70 mbele. Ndani vanila, na isizidi sukari kwa sababu mama vitu vitamu sana havimpandi. Nikatuma na picha ili tusije tukapishana. Akajibu "hiyo ndogo sana kwangu kipenzi, we usiwaze". Akataka alipwe yote kabla hajaanza, tukalipa yote.

Siku yenyewe ikachelewa. Wageni wameshakula, wameshaimba nyimbo zote wanazozijua, watoto wameanza kulala kwenye viti, ndo boksi linaingia. Tukalifungua na mdogo wangu wa kike nikamwona amenyamaza, yule hanyamazagi, na mi nikachungulia. Keki imelala upande. Ghorofa ya juu imezama ndani ya ya kati, krimu imebanwa ikatokea pembeni, maua mawili yamedondoka yapo chini kwenye kadibodi na yaliyobaki yamelegea yananata yanatoa majimaji. Rangi sasa, hiyo sio zambarau, ni majivu. Kijivu kabisa chenye uchafu uchafu wa zambarau kwa mbali. Na jina la mama lina herufi imeruka. Jina ambalo nilimwandikia kwa herufi kubwa!

Kuna watu najua watasema mambo ya joto, mambo ya barabara, keki ikisafiri lazima iyumbe. Hapana. Hapo mi sikubali na nitaeleza kwa nini, kwa sababu baada ya shughuli nilikaa nikaulizia kwa watu wanaooka kila siku na nikasoma sana, nikakuta karibu kila kitu kilichoharibika pale kina sababu inayojulikana, na anayejiita mwokaji wa oda anatakiwa awe anaijua.

Tuanze na kulala. Keki za ghorofa haziwekwi tu moja juu ya nyingine. Kila ghorofa inakaa kwenye kibao chake chembamba chenye saizi yake, na ndani ya ghorofa ya chini zinachomekwa nguzo, vijiti vya mbao au mirija migumu, zote zimekatwa urefu sawa, ili uzito wa juu ubebwe na nguzo usibebwe na keki, manake keki ni kitu laini chenye hewa ndani, haiwezi kubeba keki nyingine. Sisi tulipoitoa ile ya juu (ilibidi tuitoe, ilikuwa inaendelea kuzama) hatukukuta kibao wala kijiti hata kimoja. Krimu ya siagi ndo ilikuwa imeachiwa kazi ya kushikilia, na siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, maana yake inaanza kulegea hata kabla ya hapo. Kwa hiyo hata ingebebwa kwa mkono hatua kwa hatua ingelala tu. Barabara haina kosa.

Rangi nayo hivyo hivyo. Krimu ya siagi ina umanjano wake, na zambarau ukiichanganya na manjano zinauana, inatoka kijivu. Wanaojua wanaipiga siagi peke yake muda mrefu mpaka iwe nyeupe ndo wanatia rangi, kidogo kidogo, halafu wanaiacha ikae masaa kadhaa kwa sababu rangi ya chakula kwenye krimu inazidi kukolea ikikaa. Ukiichanganya ukapaka hapo hapo huwezi kujua kesho itakuwaje. Na yale maua ya sukari kulowa, ni kwamba yalitoka friji. Sukari inavuta maji, ukitoa kitu cha baridi kwenye hewa ya kawaida unyevu unagandia juu yake, ua linalegea linadondoka. Maua yanawekwa mwisho, keki ikishatoka kwenye baridi.

Lakini haya yote ya nje mi ningeyameza. Kweli kabisa. Mama alikuwa ameshasema "imependeza mwanangu, imependeza", anatabasamu ananishika mkono, na nikajua anasema hivyo ili nisione aibu mbele za watu, na hapo ndo roho iliniuma kuliko popote. Nikajisemea angalau ndani itakuwa nzuri, watu watakula watasahau.

Tukakata.

Pembeni kavu, inakatika vipande vipande kabla haijafika mdomoni. Katikati ya ghorofa ya chini mbichi. Mbichi ya kunata kwenye kisu, unga na yai vinaonekana. Sasa ilikuwaje ikawa kavu na mbichi kwa wakati mmoja? Hii nayo inajulikana. Chombo kikiwa kikubwa na kirefu kwenda chini, joto linachukua muda kufika katikati, sasa mtu mwenye haraka anaongeza moto, nje inaiva inakauka inapasuka juu, ndani bado uji. Dawa yake ni moto mdogo na muda mrefu, au uoke tabaka nyembamba nyembamba uzipange. Na kujua kama imeiva wala haihitaji vifaa vya ajabu, kijiti kikitoka kikavu katikati imeiva, ukiwa na kipima joto ndo uhakika zaidi, katikati inatakiwa ifike karibu nyuzi 95 hadi 99. Huyu hakuchomeka kitu. Akapaka krimu akafunika.

Na hapa sio suala la ladha tena. Yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonella, na unga mbichi pia, watu wengi hawajui hili, unga wa ngano haujapitishwa kwenye moto wowote wa kuua vijidudu, unaua wewe unapooka. Pale palikuwa na mama wa miaka 70, na wazee wenzie, na watoto wadogo, ndo hao hao ambao tumbo likiwashika linawashika vibaya. Ilibidi nizunguke nikusanye sahani mikononi mwa watu, natabasamu huku najitetea eti tunaikata upya. Sitaki kukumbuka.

Ukavu wa pembeni nao una kisa chake. Ile ilikuwa imeokwa zamani ikawekwa friji bila kufunikwa, unaionja unaisikia, ina harufu ya friji. Watu wengi wanadhani friji linatunza keki laini, kumbe wanga uliomo kwenye unga ukishaiva unaanza kujipanga upya na kukakamaa, na joto la friji ndo unakakamaa haraka kuliko hata ikikaa mezani. Ukitaka kuoka mapema unaifunga vizuri kabisa unaigandisha kwenye friza, huko mambo yanasimama, wengi wanafanya hivyo na keki inatoka nzuri tu. Na shira kidogo ya sukari unapaka kwenye tabaka kabla ya krimu, inarudisha unyevu. Vitu vidogo sana hivi. Anayekuambia "hiyo ndogo sana kwangu" avijue.

Sasa kuna jambo moja ambalo usiku ule hata sikulifikiria, lilinijia baadaye na ndo linanitisha kuliko yote. Ile dhahabu ya kwenye kingo. Nilimuuliza ametumia nini, akasema ni unga wa kung'aa wa kawaida "hauna sumu". Nikamwomba anipigie picha kichupa, lebo haina viungo hata kimoja, imeandikwa tu haina sumu na kwamba ni ya mapambo. Jamani kutokuwa na sumu na kuwa chakula ni vitu viwili tofauti. Marekani mwaka 2018 mamlaka yao ya chakula na dawa ilitoa tahadhari juu ya mambo haya haya, kwamba unga wa kung'aa unaoliwa lazima uwe na orodha ya viungo kwenye lebo, na kama imeandikwa tu hauna sumu au ni wa kupamba basi usiwekwe kwenye chakula. Mwaka huo huo kwenye jimbo la Rhode Island watoto 6 waliumwa, wakatapika na kuharisha, baada ya kula keki ya birthday iliyopakwa unga wa namna hiyo, na ulipopimwa ulikuwa na shaba nyingi sana. Ripoti ya kituo chao cha kudhibiti magonjwa ikatoka 2021, inasomeka hata leo. Kwetu namshukuru Mungu hakuna aliyeumwa. Ila hiyo ni bahati, na mi sikulipia bahati.

Nilipompigia huyo mwokaji kesho yake akasema picha na kitu halisi huwa havifanani. Dada yangu, kwani hizo picha za kwenye ukurasa wako si ndo unazouzia? Halafu nimekuja kuambiwa na wanaojua kwamba nyingi ya zile picha za ghorofa nne tano zinazozunguka mtandaoni ndani sio keki, ni povu gumu lile jeupe la kufungia vitu, limepakwa krimu au fondanti (ule unga laini wa sukari wa kufunikia keki) kwa ajili ya maonyesho na kupiga picha. Hakuna ubaya kutengeneza hivyo, ubaya ni kumwonyesha mteja ukamwachia aamini kwamba umewahi kuisimamisha ya kweli ikasimama. Maana nilimuuliza moja kwa moja, hii ya ghorofa tatu umeshawahi kuifanya? Akazunguka zunguka mwisho akasema "hii ilikuwa ya kwanza lakini nilijua nitaweza".

Hapo ndo nilipoishiwa maneno. Mimi sichukii mtu anayejifunza, kila mtu alianza sehemu. Angeniambia kipenzi ghorofa tatu sijawahi, naomba nikufanyie moja kubwa nzuri au mbili, ningesema sawa na ningemheshimu, na mama angekata keki moja ya duara iliyoiva, jina limekamilika, angefurahi kupita maelezo. Mama hakuhitaji ghorofa. Sisi ndo tulitaka kumpa ghorofa, na huyu dada ndo aliyejua kwamba hajawahi kuijenga akaacha sisi tujue mbele ya wageni. Shughuli ya miaka 70 hairudiwi. Nguo ikiharibika fundi anashona nyingine, hii nitamwambia mama azaliwe tena?

Kwa hiyo wewe unayetaka kuoda keki ya shughuli, mwambie akuonyeshe keki aliyoifanya yeye, picha aliyopiga yeye, na picha ya kipande kilichokatwa, ndani kunaonekana, sio nje tu. Muulize lini anaoka na lini anapamba. Muulize nguzo, kama ni ghorofa, ukiona haelewi unaongelea nini achana naye. Onja kwanza hata kikeki kidogo cha kikombe, mwokaji mzuri hakatai, na usilipe yote mpaka uione. Na kichupa cha hiyo dhahabu omba ukione, usome lebo mwenyewe.

Mpaka sasa alichonipa ni ahadi ya punguzo kwenye oda ijayo. Oda ijayo! Nimemjibu sitaki punguzo, nataka nusu ya hela irudi, ile nusu nyingine aihesabu ni vifaa vyake alivyotumia, na nataka hiyo dhahabu aache kuipaka kwenye keki za watu leo leo. Ameisoma meseji, hajajibu. Jina lake siliweki hapa, sitaki kumharibia mtu riziki, ila wadogo zangu wameshasema asipojibu wiki hii tunaenda wote kwake, kwa upole tu, na picha zetu mkononi, akae tumwonyeshe moja moja.