Kuifungia RAV4 yangu toubaa na waya za tela: kumbukumbu toka siku ya kwanza

Gari ni RAV4 ya 2003, ile watu wanaiita Kili Time, injini cc 2000, imetoka Japani kama zilivyo nyingi hapa Bongo na kama zilivyo nyingi haikuja na toubaa, yaani chuma cha kuvutia tela, wala soketi ya umeme nyuma. Mimi nakaa Tanga mjini, mizinga yangu ya nyuki iko Handeni kwenye shamba la baba mkwe, mizinga 46 kwa sasa, na kila msimu wa kurina nilikuwa nakodi pikapu. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo 28 hivi, asali ni nzito kuliko maji, sasa ukipanga ndoo nane kwenye buti gari linakaa nyuma mpaka taa za mbele zinamulika matawi ya miembe.

Tela nilipata mwaka jana kwa mtu aliyekuwa anabebea boti. Ekseli moja, rimu 13, halina breki zake, tupu lina kilo 160, nilipima kwenye mizani ya mazao. Mambo ya usajili na namba yake nilimaliza TRA mapema. Kwa vile halina breki nimejiwekea kikomo cha kilo 500 pamoja na mzigo, hapo sizidi hata nikibembelezwa vipi.

Jumamosi ya kwanza: kazi iliyobidi ikatwe

Nilimpelekea gari fundi wa kuchomelea, jina naliacha. Akaniambia bosi hii kazi ya nusu siku, na kweli saa nane mchana nikakuta chuma kimeshapigwa rangi nyeusi kinang'aa. Nikaingia chini kwa tochi ya simu. Kumbe amechomelea kwenye kile chuma chembamba kinachoshikilia bampa, na upande mmoja amekamatia ile pete ya chini nyuma, pete ambayo iko pale kwa ajili ya kufungia gari lisitembee melini. Ukikisukuma kwa mguu kinacheza, bati la bampa linajikunja kidogo na kurudi. Nikalala pale chini nikakiangalia muda mrefu, nikawaza kilo 400 zinavuta hapo kwenye mteremko, na nyuma yangu kuna bodaboda wawili na mtoto katikati.

RAV4 haina chesisi ya ngazi kama Hilux, ile fremu ya chuma inayojitegemea chini ya bodi, bodi ni moja imeungana na sakafu. Ila chini ya buti kuna mihimili miwili ya boksi, mmoja kila upande, inaenda kwa urefu wa gari, na hapo ndipo nguvu ya kuvuta inatakiwa iende, sio kwenye bampa. Halafu urefu. Kile kichwa cha mviringo cha milimita 50, ambacho tela linashikia, alikiweka sentimita 52 toka chini wakati mkono wa tela langu ukiwa sawasawa na ardhi uko kama 40. Ukilifunga hivyo tela linainua pua, mzigo unahamia nyuma ya ekseli, na tela lenye mkia mzito ndilo linaloanza kuyumba kushoto kulia ukifika spidi 70 au 80 na ukishika breki ndo linazidi.

Hela ikaenda. Nikamwomba fundi mwingine akikate kwa grenda taratibu asiunguze bati, nikapaka rangi ya zinki palipobaki pabichi maana hewa yetu ya chumvi haisamehi.

Wiki ya tatu: toubaa yenyewe

Nikapigiwa simu na jamaa yangu anayezunguka maduka ya spea za mtumba Dar, Gerezani na Ilala, kapata toubaa nzima iliyotolewa kwenye RAV4 ya umbo hilohilo iliyokuja toka Uingereza. Ikaja kwa basi imefungwa kwenye gunia. Raha niliyoipata kuifungua sijui niielezeje, mikono miwili mirefu ya kuingia kwenye mihimili, matundu manne kila upande, chuma cha unene wa milimita 6, kutu ya juujuu tu. Nikaipiga brashi ya waya siku nzima, praima, rangi mbili.

Kutoboa mihimili nilifanya mwenyewe na fundi bodi mmoja mzee wa mtaani kwetu, mtu mtulivu sana. Yeye ndo alinifundisha kitu ambacho nisingekijua. Muhimili ni boksi, ndani ni hewa, ukipitisha bolti ndefu upande huu mpaka ule ukakaza, bati linabonyea ndani, leo imekaza mwezi ujao inalegea. Kwa hiyo kila bolti inapopita ndani ya boksi unaweka kipande cha bomba la chuma, kimekatwa urefu sawasawa na upana wa boksi, bolti inapita katikati ya bomba na unapokaza nguvu inakaa kwenye bomba sio kwenye bati. Akakata vipande hivyo kwa msumeno wa mkono, kila kimoja anakipima, anakisugua tupa, anakipima tena, mpaka kikawa kinaingia kwa kusukumwa na kidole gumba tu. Nikamwambia mzee si tungetumia grenda tumalize, akasema "Mwanangu, hiki kikipungua milimita moja hakina kazi."

Bolti ni M12, yaani unene milimita 12, za daraja la ugumu 8.8, hiyo namba imeandikwa kichwani, bolti isiyo na namba usiweke hapa. Upande wa juu kuna vibati vinene vya kusambaza nguvu badala ya washa peke yake. Tukakaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, mpaka Nm 80, tukachora mstari wa rangi nyeupe toka kwenye nati mpaka kwenye chuma ili ikijizungusha uone kwa macho. Matundu yote rangi ya zinki kwanza, afu grisi. Kichwa kikaja kukaa sentimita 40 kasoro kidogo gari likiwa tupu. Nikasimama juu yake na kuruka, gari zima linaenda juu chini na chuma hakitoi hata mlio.

Wiki ya nne na ya tano: umeme

Hapa ndo nataka nikae kidogo maana naona wengi wanapachukulia juujuu.

Njia inayofanywa na wengi ni kuchuna waya za taa za nyuma za gari, kuzungushia waya wa soketi, tepu, kwisha. Na mara nyingi waya wenyewe ni wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mgumu ndani. Kwenye gari waya huo unatikiswa kila siku mpaka unakatika ndani ya plastiki na nje hauoni kitu. Tafuta waya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba. Pili, hesabu mzigo. Balbu ya breki au indiketa ni wati 21, kwa volti 12 hiyo ni karibu ampea 1.75 kila moja. Ukiongeza mbili za breki kwenye tela umeongeza ampea 3.5 kwenye swichi ya breki ya gari yenye zaidi ya miaka 20. Siku tela likipata shoti, fyuzi inayokatika ni ya taa za gari lenyewe, unabaki barabarani usiku huna taa wala breki za kuonekana.

Nikaamua niweke kisanduku cha relei. Kinasikiliza tu waya za taa za gari, kikiona indiketa ya kushoto imewaka kinawasha ya tela kwa umeme wake kinaouchukua moja kwa moja toka betri. Nilivuta waya mnene toka betri mpaka buti, unapita chini ya kapeti pembeni ya milango, na fyuzi ya ampea 15 iko karibu kabisa na betri, sio nyuma. Ukiiweka fyuzi nyuma, waya wote mita nne hizo hauna ulinzi, ukichunika popote ukagusa bodi ni moto. Kwa vile gari haijui tena kama kuna tela, dashibodi haitakwambia balbu ya tela imekufa, kwa hiyo nimeweka na kengele ndogo inayolia pamoja na indiketa za tela.

Maungio yote nimelehemu na kuvalisha vile vimpira vinavyosinyaa kwa moto. Viunganishi vya kubana kwa koleo, vyenye kisu ndani kinachokata plastiki ya waya, sikuvitaka, unyevu unaingia kwenye kidonda kile na ndani ya mwaka shaba imekuwa kijani, hapa Tanga hata mwaka haufiki.

Soketi ni ile ya pini saba. Namba zimeandikwa ndani kwa herufi ndogo sana, vaa miwani. Moja indiketa kushoto, njano. Mbili taa ya ukungu, bluu, mimi sijaitumia. Tatu ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri, nyeupe. Nne indiketa kulia, kijani. Tano taa ya nyuma kulia, kahawia. Sita breki, nyekundu. Saba taa ya nyuma kushoto, nyeusi. Kwenye tela langu mwenye nalo alikuwa ametumia waya nyekundu na nyeusi tu kwa kila kitu, nikang'oa zote nikaanza upya, ni haraka kuliko kubahatisha.

Usiku wa taa za ajabu

Ijumaa usiku tumeunganisha kila kitu, mwanangu wa kidato cha pili yuko ndani ya gari mguu kwenye breki, mimi nyuma. Taa za nyuma, sawa. Indiketa, sawa. Nikamwambia washa taa afu kanyaga breki. Taa za nyuma za tela zikafifia badala ya kuongezeka, na indiketa ya kushoto ikaanza kuwaka hafifu kama kaa la moto ndani ya majivu. Tukaweka indiketa ya kulia, taa zote zikawa zinapumua kwa pamoja. Fundi umeme niliyemwita akasema kisanduku kimekufa, nunua kingine.

Sikununua. Nikachukua mita ya kupima volti, taa zikiwa zimewaka na breki imekanyagwa (hili muhimu, bila mzigo mita itakudanganya), nikapima toka betri hasi mpaka fremu ya tela. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma volti 3. Yaani umeme ulikuwa unafika kwenye balbu vizuri ila hauna njia ya kurudi, na umeme usipopata njia yake unapenya kwenye balbu ya jirani, ndo maana indiketa inawaka wakati hujaiwasha.

Makosa yalikuwa mawili. Waya mweupe wa soketi ulikuwa umefungwa kwenye bolti ya toubaa, juu ya rangi ile niliyopaka kwa mapenzi yote, na rangi haipitishi umeme. Na upande wa tela taa zilikuwa zinategemea fremu, fremu inategemea kichwa cha mviringo, na kichwa kimejaa grisi. Nikakwangua sehemu ya bodi ndani ya buti mpaka chuma cheupe, nikafunga ethi hapo na bolti yake peke yake, nikapaka vaselini juu. Kwenye tela nikapeleka waya mweupe mpaka kwenye kila taa, fremu nikaiacha ipumzike. Mita ikasoma 0.1. Mtoto akakanyaga breki, ukuta mzima wa jirani ukawa mwekundu.

Uzito wa pua

Huu ni uzito ambao mkono wa tela unaukandamiza kwenye toubaa. Kuupima nilitumia mzani wa bafuni, kipande cha mbao kimesimama juu yake, mkono wa tela umekaa juu ya mbao kwenye urefu uleule wa toubaa. Na ndoo nane, jumla ya tela na mzigo ni kilo 384. Ndoo zikipangwa katikati pua ilikuwa na kilo 21, tela jepesi mbele. Nikasogeza ndoo mbili mbele ikawa 37, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote, nikaridhika. Nimechora mistari kwenye sakafu ya tela ili kila safari ndoo zikae palepale.

Safari ya kwanza, Tanga mpaka Handeni

Kwenda tupu, kurudi na mzigo. Nilisimama Muheza, kama kilomita 40 hivi, nikaangalia mistari yangu myeupe. Nati moja ya upande wa kulia ilikuwa imepishana na mstari kwa kama upana wa kucha. Nikakaza palepale na spana niliyoibeba, toka hapo haijasogea tena, nimeangalia Segera, Mkata, na nyumbani. Chuma kipya kinajikalisha, kwa hiyo kagua mapema, usisubiri mzigo.

Jambo moja sikulifikiria. Mlango wa nyuma wa RAV4 unafunguka kwa pembeni na una tairi la spea mgongoni. Kile kigurudumu cha mbele cha tela kina mkono mrefu wa kuzungusha umesimama wima, na tela likiwa limefungwa mlango unagonga mkono ule ukifunguka robo tu. Tumefika shambani nguo za kurinia na bomba la moshi viko kwenye buti, nikalazimika kulitoa tela ndo nifungue. Baba mkwe akaja na fundi baiskeli wake, wakaikata ile bomba ya mkono na kuweka pini, sasa unalaza.

Kurudi nilitoka saa kumi jioni, spidi 60 mpaka 70, kwenye mteremko nashuka na gia kabla sijashika breki. Kwenye kioo naona tela limenyooka nyuma yangu kama limechomelewa, ndoo hazijasogea hata kidogo. Giza likaingia kabla ya Muheza, lori likanikaribia nyuma na dereva akapunguza mapema kabisa, ameziona taa.

Vilivyobaki: taa ya namba ya tela bado inatumia balbu, nataka kuweka ya LED, na kifuniko cha soketi kimechoka springi hakifungi vizuri, nimekifunga kwa mpira kwa sasa. Matairi ya tela ni ya zamani, hayo nabadilisha kabla ya msimu wa kurina unaofuata.