Mtani aliyenirudishia usingizi

Baba alipofariki nilikuwa na siku nne sijalala. Nilikuwa nimemuuguza kisukari mwaka mzima, na mwishoni presha yangu nayo ikapanda hadi 170 kwa 100. Daktari alinianzishia dawa, akaniambia nipumzike. Ningepumzikaje?

Sisi ni Wazaramo wa Kisarawe, na watani wetu ni Wanyamwezi. Utani huo ni wa tangu enzi za misafara, wapagazi wao walipokatiza kwetu wakishuka Bagamoyo. Msibani mtani hakasirikiwi. Siku ya mazishi, rafiki wa baba, mzee wa Kinyamwezi, aliingia chumbani akatoka amevaa kanzu ya marehemu na miwani yake. Baba hakuwa akipiga hodi. Alikuwa anakohoa mara mbili. Yule mzee akasimama mlangoni, akakohoa mara mbili. “Chai hii haina sukari! Mmemfichia nani?”

Ndiyo yalikuwa maneno ya baba kila asubuhi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na katikati ya kicheko yakanitoka machozi yaliyokuwa yamegoma tangu hospitali. Usiku ule nililala mkekani mpaka adhana ya alfajiri.

Daktari alinieleza baadaye: ukicheka kwa dhati mapigo ya moyo hupanda kidogo, pumzi hutoka kwa nguvu, kisha misuli hulegea na mwili hutulia. Hata kortisoli, homoni ya msongo, hupungua. Ila dawa nisiache. Sijaacha, na mwenye presha kama mimi namsihi naye asiache.

Nikamwomba mzee, “Mtani, arobaini ikipita usinitupe.” Akawa ananipigia kila siku baada ya magharibi, dakika tano tu. “Mzaramo, umekula, au unasubiri ngoma ilie kwanza?” Siku nisizokuwa na moyo wa kucheka hakunilazimisha; aliuliza tu nimepika nini. Baada ya miezi mitatu presha ilisoma 130 kwa 80. Dawa zilifanya kazi yake. Usingizi, huo namjua aliyeurudisha.

Mwezi uliopita alifiwa na dada yake, Urambo. Nilipanda basi, kesho yake nikawa msibani. Nikalichukua jembe la kuchimbia kaburi, nikalikalia: hakuna kuzika mpaka Wanyamwezi mnilipe nauli ya kutoka Kisarawe! Mtani wangu alikuwa ameinama pembeni. Waliniambia hajasema neno tangu jana. Akainua uso.