Mtoto hatafuni, mswaki wa nini?

Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa hapa nyumbani, Mabatini, Mwanza. Mama wa binti yangu anashuka Mwaloni Kirumba alfajiri kuuza dagaa, kwa hiyo uuguzi wa mchana ni wangu. Binti yetu ana mtindio wa ubongo na kifafa, na analishwa kwa mpira unaopita puani.

Hospitali iliyoturuhusu ilitufundisha vizuri habari za mpira: hakikisha uko tumboni kabla ya kumimina uji, pitisha maji baada ya kumlisha, mwinue kichwa, mgeuze asipate vidonda. Kinywa hakikutajwa. Wodi ilikuwa imejaa, siwalaumu sana manesi, lakini pengo ni pengo. Na nyumbani nako watu hawaelewi. Mama mkwe alipotutembelea kutoka Ukerewe alinitazama weee, mwisho akasema, "Mkwe, mtoto hata hatafuni. Huo mswaki wa nini asubuhi asubuhi?"

Wa nini? Mtu anapotafuna na kumeza mate, kinywa kinajisafisha kidogo kidogo siku nzima. Asiyetafuna hana msaada huo. Ukoga, ule utando laini juu ya meno, unakaa, unashika madini yaliyomo kwenye mate, unakuwa ugaga mgumu wa njano ambao mswaki hauutoi tena. Meno yanaweza yasitoboke hata moja, na bado ugaga ukajaa. Halafu bakteria wa kinywani hawatulii kinywani: mtoto anayemeza kwa shida huvuta mate yake mwenyewe kwenda mapafuni, na nimonia huanza hivyo pia. Nilipofika hapo kwenye mapafu mama mkwe hakubisha tena. Nimonia anaijua.

Kwetu kuna na suala la fizi. Binti anatumia fenitoini kuzuia degedege, na dawa hiyo hunenepesha fizi kwa baadhi ya watu, hasa kinywa kikiwa kichafu. Zake zilipanda zikafunika nusu ya meno ya mbele, ukigusa tu damu. Jirani mmoja akanishauri niache mswaki mpaka zipone, mwingine akasema niache dawa. Ushauri wote huo ni wa hatari. Dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla, degedege linaweza kuja lisikatike. Kuibadilisha ni uamuzi wa daktari. Na fizi inayotoka damu kwa sababu ya uchafu hutulia kwa kusafishwa, taratibu, kila siku.

(Kati ya washauri hao wamo waliosema, binti alipokuwa mchanga akiharisha na kuchemka mwili, kwamba ana meno ya plastiki, apelekwe kwa mzee fulani akang'olewe. Hayo yanayoitwa ya plastiki ni meno halisi ambayo hayajachipuka. Wanayachokonoa bila ganzi, kwa chuma ambacho hakijachemshwa. Niliwafukuza.)

Ninavyofanya ni hivi. Nakaa mkekani, namwegemeza kifuani kwangu, mgongo umeinuka na kidevu kimeelekea chini kidogo. Chali kamwe, maana kila kinachodondoka kingeenda kooni. Simu naifunga kwenye mguu wa cherehani, imulike. Mswaki ni mdogo, laini, umeloweshwa na kukung'utwa. Hawezi kutema, kwa hiyo dawa ya meno yenye floraidi napaka kidogo sana, kama punje ya mchele, na povu nalipangusa kwa kitambaa cha pamba. Huuma bila kukusudia, hivyo kidole changu hakipiti kati ya meno. Nimemshonea kipande cha kanga, kimekunjwa mara nyingi na kupigwa mashine pande zote. Upande mmoja anaung'ata, mwingine mrefu naushika mimi asije akakimeza. Mswaki unatangulia, uji baadaye, maana tumbo likijaa ukamgusa ulimi tu anatapika. Akitapika nampangusa kwa maji, kisha nasubiri kama nusu saa, kwa kuwa asidi ya tumbo hulainisha jino.

Nyumba ya pili wana mtoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao huku kanda ya Ziwa tunao mwingi. Yeye anakula kwa mdomo vizuri tu, ila penisilini ya maji anayopewa kumkinga na maambukizi ina sukari, na ya jioni alikuwa akipewa akiwa tayari kitandani. Usiku mate hupungua, sukari inalala na meno. Siku hizi anapewa kwanza, ndipo anapigishwa mswaki.

Sasa meno ya utotoni ya binti yameanza kulegea. Mtoto mwingine angelitema jino akalirusha juu ya paa. Wangu linaweza kumwingia kwenye njia ya hewa. Daktari wa meno ameagiza likianza kucheza sana tumpeleke aling'oe mwenyewe. Rahisi kusema. Huku kwetu juu ya mawe bajaji haipandi, namshusha mgongoni hadi barabarani ndipo tupate usafiri.

Nyuma kabisa tunasubiri gego la kwanza la ukubwani, ambalo hutoka karibu na miaka 6 bila jino lolote kulipisha, tena chini ya fizi zile zile zilizonenepa. Upande wa kulia chini nimeona kitu cheupe. Mama yake anadai ni ugaga, mimi nasema ni jino. Kliniki ya mwezi ujao itatuamulia.