Wiki moja, sheria nane na insha 41

Mwaka jana nilirudi nyumbani na insha 41 mkobani, na nilipomaliza ya sita nilikwishajua zilizobaki zinasema nini. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli ya kale, hazikuwa za haki kwa sababu zilikuwa za kikatili. Basi. Tatu kati yake zilikosea jina la mfalme kwa kosa lile lile, herufi kwa herufi, kwa hiyo sikuhitaji upelelezi kujua zote zimetoka ukurasa mmoja wa intaneti. Nilikasirika. Kisha nikalisoma tena swali nililowapa: "Je, sheria za Hammurabi zilikuwa za haki?" Mtoto aliyesikia "jicho kwa jicho" atajibu nini kingine? Swali lilikuja na jibu lake mgongoni.

Ninafundisha watoto wa miaka 12 na 13 somo linalochanganya historia, uraia na uandishi. Vipindi ni vitano kwa wiki, dakika 40 kila kimoja, ambazo ukitoa kuita majina na kutafuta kalamu zinabaki kama 35. Mwaka huu, tulipofika tena Babeli, niliipanga wiki kuanzia mwisho. Niliandika kwanza swali la Ijumaa, halafu nikarudi nyuma siku kwa siku nikijiuliza mtoto anapaswa kuwa na nini daftarini ili siku hiyo asibaki ameshika tama. Swali jipya lilikuwa hili: "Chini ya sheria hizi, nani alilala usingizi na nani alikesha?"

Ilinibidi pia nikate. Zamani nilikuwa na siku mbili za vibao vya udongo: wanafunzi wanakandamiza alama za mwandiko wa kikabari kwa vijiti, na ukiwaonyesha umbo la kabari katika kila alama, hawalisahau jina hilo. Wanaipenda kazi hiyo, hata mimi naipenda. Lakini madawati yalijaa matope, na walichojifunza ni kuandika majina yao. Niliiondoa. Walininung'unikia hadi Jumatano.

Jumatatu sikuanza na ramani wala mito miwili ya Babeli, Frati na Hidekeli. Niligawa karatasi moja yenye sheria nane, kwa maneno yangu mepesi, bila jina la mfalme, bila nchi, bila mwaka. Hakimu aliyebadilisha hukumu yake baada ya kuiandika alipe mara 12 ya kiasi kilichodaiwa katika kesi hiyo, na asikalie kiti cha hukumu tena. Mwenye deni ambaye mafuriko au ukame umeharibu shamba lake asilipe nafaka mwaka huo, wala riba ya mwaka huo. Aliyemtoa mke au mtoto wake akatumikie deni, aliyetolewa atumike miaka mitatu, wa nne aachwe huru. Halafu zile za jicho, ambazo ni tatu na si moja, na mbili za mjenzi wa nyumba. Kila sheria nilibakiza namba yake: 5, 48, 117, 196, 198, 199, 229, 230. Namba hizo ndizo zilizoniokoa Ijumaa, ingawa Jumatatu niliziweka kwa mazoea tu.

Wakabishana ni za nchi gani. Mmoja alisema ni za leo, kwa sababu ya ile ya ukame. Dakika kumi za mwisho ndipo nilipowaambia: Hammurabi, aliyetawala Babeli kuanzia mwaka 1792 hadi 1750 KK, sheria 282 kwa hesabu ya waliozitafsiri, zimechongwa kwenye nguzo ya jiwe jeusi yenye urefu unaozidi mita 2, iliyofukuliwa na Wafaransa huko Susa, Iran, mwaka 1901, na sasa imesimama katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Mvulana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida huwa anachora mipira, akauliza: "Mwalimu, kama Babeli iko Iraki, jiwe lilifikaje Iran?" Nikamwambia asubiri Alhamisi. Nilijisifu moyoni kwamba hilo lilikuwa kwenye mpango. Halikuwamo, nililiandika kwenye mpango usiku ule.

Kazi ya Jumatatu ilikuwa sentensi moja kwenye kikaratasi: sheria iliyokushangaza, namba yake, na kwa nini. Vikaratasi 41 nilivisoma kabla ya chai kupoa.

Jumanne ndiyo ninayoikumbuka zaidi, na yote ilitokana na neno moja. Sheria ya 196 inasema muungwana akimtoboa muungwana mwenzake jicho, lake nalo litobolewe. Ya 198: akiwa amemtoboa mtu aliye huru lakini wa daraja la chini, atalipa mina moja ya fedha, madini ya fedha, karibu nusu kilo. Ya 199: akiwa amemtoboa mtumwa wa mtu, atalipa nusu ya bei ya mtumwa huyo. Neno la Kiakadi, lugha ya sheria hizi, katika ile ya kwanza ni awilum, nami nililitafsiri "muungwana" bila kufikiri sana. Msichana mmoja akanyoosha mkono. Muungwana gani huyu anayetoboa watu macho? Mwenzake akadakia, "Muungwana ni vitendo!" Darasa likaangua kicheko.

Niliacha kila kitu nilichokuwa nimepanga. Nikawauliza: kinyume cha muungwana ni nini? Wakasema mkorofi, mshenzi, mtu asiye na adabu. Nikawaambia kwamba katika Kiswahili cha zamani kinyume chake kilikuwa mtumwa. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mali ya mtu. Tabia njema ilikuja kubandikwa juu ya neno baadaye, kana kwamba adabu ni mali ya waliozaliwa huru peke yao. Kukawa kimya, kimya kile ambacho mwalimu hukipata mara mbili au tatu kwa muhula. Kisha yule yule aliyetuchekesha akasema taratibu, "Kumbe hata sisi tumeweka madaraja ndani ya neno." Sikuongeza kitu. Nikawaambia wachore jedwali la safu tatu, muungwana, mtu wa chini, mtumwa, na kila mmoja aandike katika kila safu jicho la mtu huyo lina thamani gani na nani anaipokea. Safu ya tatu ndiyo iliyowachoma, kwa sababu fedha hiyo haiendi kwa aliyepofuka. Inakwenda kwa bwana wake.

Kazi ya nyumbani ilikuwa sentensi tano: chagua sheria moja, useme nani anapata na nani anapoteza. Nilizuia neno "katili". Ukilihitaji, eleza kilichotendeka badala yake.

Jumatano niliharibu. Niliandaa kesi ya mjenzi: nyumba imeanguka, mwenye nyumba amekufa, kuna mjane, kuna mashahidi, kuna hakimu. Niliitengea kipindi kizima. Hakimu nilimchagua msichana mpole ambaye huongea kwa nadra, kwa nia njema ya mwalimu anayetaka kumtoa mtu ganda. Mjane akaeleza, mjenzi akajitetea maneno mawili, hakimu akatazama karatasi yake akasema, "Sheria ya 229. Nyumba imeanguka, mwenyewe amekufa, mjenzi auawe. Tumemaliza." Dakika nne. Na alikuwa sahihi. Mashahidi sita walikuwa bado wamepanga foleni.

Kelele zikaanza. Mjenzi akakataa kufa, mtu akamkimbilia mtoto wa mjenzi kwa kuwa sheria ya 230 inamtaja (mtoto wa mwenye nyumba akifa, anauawa mtoto wa mjenzi), na mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani. Niliwarudisha vitini nikiwa sijui la kufanya. Nilichouliza kilitokana na kukwama kwangu: "Hakimu, ungekuwa na ruhusa ya kuuliza maswali matatu kabla ya hukumu, ungeuliza nini?" Akafikiri. Nyumba ilijengwa lini? Nani alinunua vifaa? Kulikuwa na mafuriko siku hizo? Darasa zima likaanza kuandika maswali. Nikaona kwamba sheria yenyewe haijaacha nafasi ya hata moja, na ndipo nilipowaambia jambo linalowashughulisha wanahistoria: hati nyingi za kesi za Babeli zimesalia kwenye vibao vya udongo, lakini ni nadra mno kukuta hakimu akiitaja nguzo hii kama msingi wa hukumu yake. Wapo wataalamu wanaodhani jiwe lilikusudiwa zaidi kumtangaza mfalme kama mwenye haki kuliko kuwa kitabu cha mahakama.

"Sasa mbona tunazisoma?" aliuliza mjenzi, aliyekuwa bado hajatulia. Swali zuri. Nililiandika ubaoni na likabaki hapo siku mbili. Nikirudia wiki hii, nitaanza Jumatano na maswali matatu ya hakimu, na kesi yenyewe itachukua dakika nne zake halali.

Alhamisi nilijaza mno, nitaipita haraka. Tulitazama picha ya sehemu ya juu ya nguzo: mfalme amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na wa haki, aliyekaa kwenye kiti chake. Tukasoma maneno ya mfalme mwenyewe anayojigamba kwamba aliwekwa ili mwenye nguvu asimdhulumu mnyonge, wakayalinganisha na jedwali lao la Jumanne. Mvulana wa nyuma akapata jibu lake: mfalme wa Elamu (dola ya kale katika Iran ya leo), Shutruk-Nahhunte, alilibeba jiwe kama nyara hadi Susa katika karne ya 12 KK, na safu kadhaa za maandishi zikafutwa. Mwisho nikawaonyesha sheria za Ur-Nammu, mfalme wa mji wa Uru, zilizotangulia za Hammurabi kwa takriban miaka 300, ambamo aliyemtoboa mtu jicho alilipa fedha. Walikuwa wameshazoea kudhani kila cha zamani zaidi ni cha kikatili zaidi. Wawili walidai nimekosea tarehe.

Rasimu ya Alhamisi ilikuwa aya moja tu. Nilipita kati ya madawati nikisoma, na kila palipokuwa na dai tupu niliandika pembeni "Sheria ipi?" Niliandika maneno hayo mawili mara nyingi kiasi cha kutamani mhuri.

Ijumaa waliandika darasani, ukurasa mmoja, dakika 30, daftari wazi mbele yao na kitu kingine chochote hakuna. Hapo ndipo mpango wa kuanzia mwisho ulipolipa. Hakuna aliyekaa na karatasi nyeupe, kwa sababu kikaratasi cha Jumatatu, jedwali, sentensi tano na rasimu vyote vilikuwa mle. Aliyekuwa mgonjwa Jumanne alikopa jedwali la jirani, nami nilijifanya sioni.

Nilijiwekea masharti ya kusahihisha pia. Mwaka jana nilisahihisha kila koma, ikanichukua wikendi nzima, na hakuna aliyezisoma alama zangu nyekundu. Safari hii nilitafuta vitu viwili: kuna mtu anayelala au anayekesha aliyetajwa waziwazi, na kuna namba ya sheria inayothibitisha. Dakika nne kwa insha, kasoro kidogo ya saa tatu kwa jumla. Tahajia niligusa majina tu. Najua wenzangu watakaosema huo ni uvivu. Nimekuwa mwalimu wa koma kwa miaka mingi, nawaelewa.

Insha 33 zilikuwa na vyote viwili. Tano zilikuwa na mtu bila sheria. Tatu zilirudi kwenye ukatili, mojawapo ikieleza kwa upole kwamba imezuiwa kutumia neno hilo. Wengi walisema mtumwa alikesha, na walithibitisha. Wachache walimtaja mkulima mwenye deni kama aliyelala angalau mwaka wa ukame, na mmoja akauliza mwaka unaofuata alilalaje. Kuna aliyesema mtoto wa mjenzi hakupata usingizi kabisa, maana alikuwa akisubiri ukuta wa mtu mwingine uanguke. Yule hakimu wangu wa dakika nne aliandika kwamba aliyelala vizuri kuliko wote ni Hammurabi, kwa sababu jina lake lipo kwenye jiwe na majina ya waliohukumiwa hayapo. Namba ya sheria hakuweka. Nilikaa na insha hiyo muda mrefu, nikampa alama zote.

Niliahidi kuzirudisha Jumatatu. Nilizirudisha Jumanne. Mvulana wa dawati la nyuma alikuwa amekuja na karatasi yake siku hiyo ya Jumatatu. Nilikuwa nimemwambia kwamba zilizofutwa kwenye jiwe ni kuanzia ya 66 hadi ya 99, na kwamba baadhi tu zimepatikana kwenye nakala za udongo, naye akaomba azijaze zilizopotea. Alikuwa ameandika moja. "Sheria ya 66. Mwalimu akichelewesha insha kwa siku moja, insha zote zihesabiwe zimefaulu."